Nenda Ukaone, Uje Unisimulie

Coletha ndiye aliyeitaka safari ya Nyanzobe, kwenye mawe ya michoro ya kale. Alikuwa ameitaka tangu kiangazi kilichopita, na kila alipoigusia, Mihayo alicheka na kumjibu, "Mawe nimeyaona ya kutosha maisha yangu, Cole. Nipeleke mahali penye maji."

Jumamosi ile alikubali. Alikubali kwa sababu jioni yake alikuwa akienda kuonyeshwa kwa mama mkwe mtarajiwa huko Ngokolo, na Coletha alikuwa amesema hawezi kukaa nyumbani mchana kutwa akisubiri jua lizame, moyo utampasuka. Basi Mihayo akatoka Segese na pikipiki yake alfajiri, akampitia, wakashika njia.

Coletha alikuwa karani wa mizani katika bandari kavu ya Isaka. Ndipo walipokutana, miaka miwili nyuma, Mihayo akiwa amefuata shehena ya vipuri vya pikipiki kwa ajili ya duka lake. Lori lilikuwa limezidi uzito, dereva akafoka, karani akafoka zaidi, na mwenye mzigo akasimama pembeni akimtazama karani kwa macho ya mtu mwenye kiu aliyeona maji. Tangu siku hiyo vipuri vya Segese vilianza kuisha haraka kuliko kawaida.

Kabla ya duka, Mihayo alikuwa mchimbaji. Coletha alilijua hilo. Mama yake hakulijua, na Coletha ndiye aliyehakikisha halijui.

"Niletee mkulima," Apolonia alikuwa amemwambia binti yake tangu alipovunja ungo. "Niletee mwalimu. Niletee hata mchunga ng'ombe asiyejua kuandika jina lake. Mchimbaji usiniletee."

Mumewe Apolonia, marehemu Alois, alichimba dhahabu Geita akiwa kijana. Alirudi Ushirombo na mabati ya nyumba na kikohozi. Walimtibu kifua kikuu, kikagoma. Walimpeleka kwa waganga, wakatajiwa jirani. Mwisho daktari mmoja akawaambia ni vumbi la mawe, limeganda ndani ya mapafu, na halitoki. Coletha alikuwa kidato cha kwanza walipomzika, kabla mama hajahamia Ngokolo.

Juu ya pikipiki Mihayo alikuwa mzima kabisa. Mgongo wake mpana ulimkinga Coletha na upepo, na kila walipopita kwenye shimo alirudisha mkono nyuma na kumshika goti, kama mtu anayehakikisha mzigo wake haujaanguka. Coletha aliegemeza shavu kwenye mgongo ule akafumba macho. Alijiambia kwamba kesho kama sasa mama atakuwa amekwisha kumwona, na atakuwa amempenda.

Wenyeji hupaita Nyanzobe jangwani. Mvua ikinyesha majani huota, lakini mwezi ule wa tisa hapakuwa na jani. Mbuga ilikuwa tupu, nyeupe kwa vumbi, na miiba ya migunga ilisimama bila kivuli. Katikati yake mawe makubwa yalipandana kama mtu aliyapanga kisha akaenda zake. Getini palikuwa na kibanda cha bati na dada mmoja mwenye buti na fimbo, jina lake Dorika, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza wageni.

"Karibuni. Kuna njia mbili," alisema Dorika. "Ya chini inazunguka mguu wa mlima, haichoshi. Ya juu inapanda mpaka pangoni, huko ndiko kuna michoro mizuri. Wachumba wote hutaka ya juu."

"Ya juu!" Coletha alidakia.

Mihayo aliutazama mlima. Aliutazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ya juu," alisema.

Mchoro wa kwanza ulikuwa karibu tu na geti, kwenye jiwe lililolala kama meza. Ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko miili yao, waliochongwa kwa kugongwagongwa, tundu kwa tundu. Kando yao vishimo vidogo vilipangwa kwa mistari kama ubao wa bao. Coletha alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya pembe moja bila kuigusa.

"Nani alichonga?" Mihayo aliuliza.

"Hakuna anayejua, kaka. Wataalamu walikuja, wakapima, wakaondoka. Wazee wa hapa wanasema nao waliyakuta."

"Walitumia nini? Chuma?"

"Jiwe kwa jiwe, wanasema."

"Na hivi vishimo, ni vya mchezo au vya dawa?"

Maswali hayakuisha. Kila jiwe lililokuwa na mkwaruzo Mihayo alisimama, akainama, akauliza. Coletha alicheka. "Leo umekuwa mwanafunzi! Wewe uliyesema umechoka na mawe!"

"Si ulitaka nijue mali ya nchi yangu?" alijibu, akatabasamu, na kabla hajatamka neno la mwisho alivuta hewa kwa mdomo, mara moja, kama anayekunywa.

Njia ikaanza kupanda. Mihayo akasimama kufunga kamba ya kiatu. Wakapanda, akasimama kumpiga Coletha picha. "Geuka kidogo. Hapana, upande ule. Ngoja jua litoke." Wakapanda, akasimama kufunga kamba ya kiatu kile kile. Upepo ulipoinua vumbi alitoa leso akaziba pua na mdomo, na hakuiondoa hata upepo ulipotulia.

"Umechoka?" Coletha aliuliza.

"Mimi? Nimelala vibaya tu. Mawazo ya mama yako."

Coletha alimtazama. Alikuwa na jasho jingi kwenye paji la uso, na midomo yake ilikuwa imepauka. Lakini macho yalikuwa yale yale, yaliyotulia, yanayomtazama yeye kana kwamba hakuna kitu kingine mlimani pale. Mwanamke akitazamwa hivyo hatafuti kasoro. Coletha alimshika mkono wakaendelea.

Walifika mahali ambapo njia iligeuka ngazi, mawe yaliyobetuka moja juu ya jingine mpaka kwenye mdomo wa pango. Mihayo aliketi chini.

"Mguu umenivuta," alisema, akijikanda goti. "Nenda ukaone, uje unisimulie."

"Bila wewe? Hapana. Tupumzike, tutakwenda wote."

"Cole. Dada huyu ana wageni wengine wanaomsubiri. Nenda." Alimsukuma kidogo kiunoni. "Utakachoona wewe nitakuwa nimekiona."

Alikwenda. Dorika alimtangulia, akimwonyesha pa kukanyaga. Pangoni palikuwa na ubaridi na harufu ya mikojo ya popo. Ukuta wote ulikuwa umejaa: ng'ombe, twiga mmoja, watu wembamba wamesimama mstarini wakiwa wameshikana mikono, na mwishoni mwa mstari mtu mmoja aliyeachwa bila kichwa, labda mchongaji alichoka, labda jiwe lilibanduka. Coletha alitaka kumpigia Mihayo picha ya watu wale. Aligeuka kutafuta mwanga, akajikuta ukingoni, akatazama chini.

Mihayo hakujua kwamba anaonekana.

Alikuwa amepiga magoti. Viganja vyote viwili vilikuwa juu ya jiwe, paji la uso limegusa jiwe, na mabega yake yalipanda na kushuka, yalipanda na kushuka, kama ya mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani. Mdomo ulikuwa wazi. Kutoka kule juu Coletha hakusikia chochote, lakini sauti aliijua. Alikuwa amelala chumba cha pili kutoka kwenye sauti ile utoto wake mzima.

"Dada, huku kuna mwingine mzuri zaidi," Dorika aliita.

"Nimeona," alisema Coletha. "Nimeona, inatosha."

Alishuka polepole. Hakutaka kumkuta katika hali ile, na hakujua kama ni kwa ajili ya Mihayo au kwa ajili yake mwenyewe. Alipofika, Mihayo alikuwa ameketi sawasawa, amenyoosha mguu, leso imekunjwa vizuri mkononi.

"Haya," alisema kwa tabasamu. "Nisimulie."

Coletha aliketi kando yake. "Kuna ng'ombe," alianza. "Wengi. Na twiga. Halafu kuna watu, wamesimama, wameshikana mikono..." Sauti ilikatika. Alijaribu tena. "Wameshikana mikono..."

Mihayo aliacha kutabasamu. Alitazama juu, kwenye ukingo wa pango, kisha akashusha macho mpaka pale alipokuwa amepiga magoti. Akaelewa.

Dorika, aliyekuwa akiwafuata nyuma, aliwatazama mara moja akasema atawangojea chini.

"Tangu lini?" Coletha aliuliza.

"Kikohozi kilianza zamani. Kujua, nimejua baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka! Na mwezi wa saba ukanivisha pete."

"Ndiyo."

"Ukiwa unajua."

"Nikiwa najua."

"Ulisema uliacha kuchimba kwenye duara kwa sababu ulichoka giza."

"Nilichoka giza, Cole. Hilo si uongo." Alipumzika kabla ya kuendelea, na sasa kwa kuwa hakuna cha kuficha, mapumziko yale yalisikika. "Nilipanda huku leo ili nikwambie. Nilijiambia nitasema kwenye jiwe la kwanza. Nikafika, nikakuona ulivyopiga magoti pale, nikasema basi, la pili. Mpaka mawe yakaisha."

"Ungeniambia lini? Kitandani? Mtoto akiwa mgongoni?"

"Nilitaka nikuoe kwanza." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Nilijua ni ubaya. Nilitaka tu kuwa mume wako hata kwa kipindi kifupi. Mtu akiambiwa siku zake zinahesabika anakuwa mchoyo. Sikujua kama nami nina uchoyo wa aina hiyo."

Coletha alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, kisha akashtuka alipopiga, akafungua vidole akaacha kiganja pale pale. Chini ya shati aliusikia moyo ukikimbia. Akalia. Mihayo hakumwambia anyamaze. Mbuga ilikuwa wazi mbele yao mpaka macho yanapokoma, haina mtu, haina ng'ombe, vumbi tu likizunguka na kutulia.

"Daktari amesemaje?"

"Ugonjwa huu hauponi. Nisikae penye vumbi." Alicheka kidogo, akitazama mbuga. "Shinyanga hii."

Coletha alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, ya mtu anayepanga mambo.

"Tutakwenda nyumbani kama tulivyopanga. Wewe ni mfanyabiashara, huna zaidi. Usizungumze sana. Chakula ukila polepole atadhani ni adabu. Ndoa ikipita, mengine tutayajua wenyewe."

"Unataka tumdanganye mama yako?"

"Nimemdanganya miaka miwili. Siku moja haitaniua."

"Atanisikia, Cole."

"Hatakusikia."

Mihayo alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye. Kisha akanyoosha mkono asaidiwe kuinuka, na mara ya kwanza tangu wajuane alimwegemea kwa uzito wake wote.

Walifika Ngokolo jua likielekea kuzama. Apolonia alikuwa amefagia uwanja na kuumwagia maji, amevaa kitenge cha Pasaka, na harufu ya kuku ilifika mpaka njiani. Alikuwa ndani Mihayo alipozima pikipiki. Vumbi la barabara lilikuwa limemshika. Alijizuia. Coletha aliona mishipa ya shingo ikimsimama kwa kujizuia. Halafu kikamshinda, akakohoa, kikohozi kikavu kinachokwenda mbali na kurudi mikono mitupu.

Ndani, sufuria iliyokuwa ikikwanguliwa ilinyamaza.

Apolonia alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Hakumtazama binti yake. Alimtazama mgeni, kuanzia mabega, akashuka kifuani, akasikiliza.

"Shikamoo, mama," alisema Mihayo.

"Marahaba, baba. Karibu."

Alimpisha aingie. Kisha akafanya jambo lililomtoa Coletha machozi upya: alichukua kiti cha mbao, akakigeuza mgongo mbele, akamwonyesha Mihayo akikalie hivyo, mikono na kifua viegemee mbao za nyuma. "Utapumua vizuri zaidi," alisema. Mihayo akaketi. Ilikuwa kweli.

"Ulichoronga miamba wapi?"

Coletha alifungua mdomo. "Mama, Mihayo ana duka la..."

"Simwulizi duka. Baba, ulichoronga wapi?"

"Geita, mama. Baadaye Segese."

"Kwa maji au kavu?"

"Kavu. Maji ya kuzima vumbi hatukuwa nayo."

Apolonia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za ndugu wa mbali. Akarudi jikoni. Aliwaandalia chakula chote alichokuwa amepika, akamwekea Mihayo mchuzi mwingi na nyama iliyochambuliwa mifupa, nao wakala. Apolonia alipokwisha kunawa ndipo alipozungumza.

"Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuuguza mpaka mwisho, wala nisingelalamika mbele ya watu. Hata sasa ukiwa huna wa kukuuguza, mlango huu si wa kufungwa. Lakini Coletha sikupi."

"Nimeelewa, mama," alisema Mihayo.

"Umeelewa nini?" Coletha aliruka. "Umekuja kuniomba!"

"Nilikuja kukuomba. Sasa siombi." Hakumtazama. "Mama ana haki, Cole. Mimi mwenyewe ningekuwa na binti ningesema hivyo hivyo."

"Na mimi? Hakuna anayeniuliza mimi? Mnaniamulia kama mfuko wa saruji?"

"Wewe hujui unachokitaka," alisema Apolonia.

"Nilikuwapo, mama! Nilikuwa chumba cha pili!"

"Chumba cha pili." Apolonia alilirudia neno lile, akaweka bakuli la kunawia chini. "Kutoka chumba cha pili uliona mama anayempenda baba. Mwaka wa mwisho nilimchukia baba yako, Coletha. Nilikuwa nimempenda kuliko wazazi wangu, nikamchukia. Nilikuwa nalala na ile sauti, naamka na ile sauti, na kuna asubuhi nilimwomba Mungu aizime, na sikuwa naomba kwa ajili ya Alois apumzike. Nilikuwa naomba kwa ajili yangu. Sikuogopa wewe kubaki mjane. Wajane tunaishi. Niliogopa chuki hiyo."

Kilichosikika ni pumzi ya Mihayo tu, na wote watatu waliisikia.

Mihayo aliinuka. "Wabeja, mayu," alisema kwa Kisukuma, kama ambavyo angemshukuru mama yake mwenyewe. Apolonia, ingawa ni Msumbwa, alielewa, akainamisha kichwa.

Coletha alimfuata nje. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu juu ya mabati. Mihayo alikuwa akivaa koti, na mikono ilimchelewesha.

"Usinifuate Segese," alisema.

"Pete sirudishi."

"Sijakuomba pete. Nimesema usinifuate." Alimgusa shavu kwa nyuma ya vidole. "Ulikuwa unasimulia kuhusu watu wale. Walioshikana mikono. Walikuwa wakienda wapi?"

"Sijui. Sikutazama vizuri. Nilikutazama wewe."

Mihayo alitaka kusema jambo, akashindwa, na safari hii kifua hakikuwa na hatia. Alipiga kiki. Pikipiki ikakata kona, taa yake nyekundu ikapotea nyuma ya ukuta wa jirani, na mlio ukaendelea kusikika kwa muda kabla nao haujapotea.

Coletha alisimama mpaka baridi ikaanza. Aliporudi ndani mama yake alikuwa akiosha vyombo, mgongo umeelekea mlango. Coletha alichukua kitambaa, akapokea sahani ya kwanza, akaifuta. Akapokea ya pili.

"Mama."

"Nakusikia."

"Baba alikuwa analalaje?"

Mikono ya Apolonia ilisimama ndani ya maji. Alijua anaulizwa nini, na alijua kwamba akijibu atakuwa amejibu zaidi ya hilo. Hakugeuka. Povu lilikuwa likipasuka taratibu kwenye beseni.

"Alikuwa halali," alisema mwishowe, kwa sauti kavu. "Wenye ugonjwa ule hawalali chali. Unamketisha. Unaweka mito nyuma yake, mgumu chini, laini juu, na unamfungulia dirisha la upande usio na barabara." Akavuta hewa. "Kavute kigoda ukae. Ni mengi, na sitayasema mara mbili."